Kopo la Mkaa Chini ya Taa ya Kushoto

Kifuniko cha tangi kiliniruka mkononi kabla sijamaliza kukizungusha. Petroli ikafuata nyuma yake, tena kwa nguvu, kama mkojo wa ng'ombe aliyeswagwa kutwa nzima bila kusimama. Ikanipiga kifuani, ikanilowesha mikono mpaka viwikoni. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya gari, maana mdomo wa tangi la gari lile umefichwa nyuma ya kibao cha namba, chini kabisa. Nikasikia watu wa msafara wa harusi wakicheka kwamba dereva kaoga. Mimi mwenyewe nilikuwa naanza kucheka. Hatua chache kando ya barabara mama mmoja alikuwa anachoma mahindi. Nikaona kitu cha buluu kimetoka kwenye jiko lake kinatambaa juu ya lami, bila sauti, kinanifuata mimi. Watu wanadhani moto wa petroli unaruka kutoka juu. Wangu ulikuja chini kwa chini, ukanipandia mikononi.

Niliungua mikono yote miwili, kifua, shingo na sikio la kushoto. Aliyeniokoa ni huyohuyo mama wa mahindi. Alinitupia gunia bichi alilokuwa amefunikia mahindi yake, akanisukuma chini na kunikalia juu, na ni mama mwenye mwili. Wanaume wakatupia mchanga sehemu ya nyuma ya gari mpaka moto ukakata tamaa. Maharusi walikuwa wameteremka mbele kupigwa picha, hawakuguswa hata unyoya. Kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo.

Naandika haya nikiwa mzima. Vidole vinakunja, spana nashika, ugali nakata mwenyewe. Kazi ninayo, na ni kazi ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya. Sina maisha ya kulalamikia. Lakini tangu siku ile sijaruhusiwa kushika usukani wa gari lile, kwa sababu kuna mtu alisema moto niliuwasha mimi, na mtu huyo anajua kwamba si kweli.

Nirudi nyuma kidogo.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, milango miwili, injini ya silinda nane, usukani kushoto. Lililetwa zamani na mhandisi wa Kizungu aliyekuwa na shughuli za migodi. Alipoondoka akamwachia mnunuzi wa pamba wa hapa Shinyanga. Mnunuzi yule amefariki, gari limebaki kwa mjane wake, anakaa Kambarage, na mimi huyo mjane namwita mama ingawa hakunizaa. Watu wa mtaani wanaliita gari Nzagamba, yaani dume la ng'ombe. Likiwashwa linaanza kukoroma kifuani kabla sauti haijatoka nyuma, na mbuzi wa majirani wanasimamisha masikio. Harusi za mjini zinaligombea. Bibi harusi akipanda Nzagamba, mashangazi wa upande wa pili wananyamaza.

Mimi ni wa upande wa Kharumwa. Nimesoma mpaka la nne. Nikachunga, nikaingia mashimoni kutafuta dhahabu, nikatoka na kifua kibovu, nikaja mjini kuosha magari. Mama alinikuta naosha gari la jirani yake, akasimama getini akiwa na khanga yake kichwani.

"Wewe kijana, unaosha gari au unamwogesha mtoto?"

"Naosha tu, mama."

"Basi kesho uje unioshee langu. Na hilo usilipige dodoki la vyombo."

Babu zake mama walifika huku na reli kutoka pwani, Kiswahili chake kimenyooka, na changu cha Kisukuma kinamchekesha. Kutoka kuosha nikapewa kuwasha, kutoka kuwasha nikapewa kuendesha. Miaka yote ile sikulikwaruza. Na sigara niliacha shimoni, daktari alipogonga kifua changu akatikisa kichwa.

Sasa nimseme mwenyewe. Ni fundi mwenye gereji nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Jina silitaji, lakini wa Kambarage hawahitaji jina. Ni fundi mzuri, sitamnyima haki yake, injini anaisikiliza kama mganga. Ila ana ugonjwa tulio nao wengi huku. Kutoka Shinyanga mpaka Geita kila mtu ana mguu mmoja shimoni. Muuza duka ana fungu kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la fulani, mwalimu kanunua mifuko ya mawe, shehe na katekista wanakutana kwenye karasha la kusaga mawe wanajifanya hawakuonana. Fundi naye macho yake yalikuwa hayatulii. Kila Nzagamba likifika kwake alilizunguka akipapasa chini ya viti na ndani ya milango.

"Mzungu wa migodi haondoki mikono mitupu," alikuwa ananiambia. "Na hili gari hakulichukua. Jiulize kwa nini."

"Labda meli ilikuwa ghali."

"Wewe endelea kuosha."

Kabla ya msimu wa harusi, pamba inapouzwa na watu wanakuwa na raha, mama akalipeleka kwake kwa huduma ya kawaida: oili, plagi, breki. Liliporudi lilikuwa linanuka petroli. Halikuwahi kunuka kiasi kile kabla. Nikamrudia fundi nikamwambia. Akasema gari la zamani lazima linuke, kama mzee. Mchana likisimama juani lilikuwa linazidi, na safari nyingine lilikuwa linazima lenyewe, plagi zimelowa chapachapa, mafuta yanadondoka kwenye kabureta. Nikamrudia tena. Safari hii akasema kabureta imechoka, itolewe, iwekwe ndogo ya Kijapani. Mama akakataa. Alisema hawezi kumvisha dume viatu vya mwanaye.

Siku ya harusi jua lilikuwa kali. Njiani kuelekea Kolandoto likazima kwa namna ileile. Geji ya mafuta ilikuwa haifanyi kazi, nikasema nichungulie tangini pengine mafuta yameisha. Yaliyofuata nimeshayasema.

Nililazwa palepale Kolandoto. Ya hospitali sina ubaya nayo, nilitunzwa. Mke wangu alikuwa ananinywesha uji kwa kijiko huku akinisimulia habari za mtaani, na ndiye aliyeniletea habari yenyewe. Wakati mimi nimefungwa mabendeji kama mhogo wa kuoka, fundi alikwenda kwa mama, akakaa barazani, akanywa chai, akasema dereva wako alifungua tangi akiwa na sigara mdomoni. Alisema mbele ya mtoto mkubwa wa mama, ambaye ndiye anayeshika funguo za nyumba ile na kila kitu chake. Mtoto mkubwa akaamini, kwa nini asiamini. Fundi ni mtu mzima, ana gereji, na mimi ni muosha magari wa la nne.

Na wa pili wa kusemwa ni mshereheshaji, yule wa suti ya kung'aa anayeshika kipaza sauti kwenye kila sherehe. Yeye aliigeuza habari kuwa kichekesho. "Bwana harusi, mchunguze dereva wako, asikuchome kabla hujachomwa na mama mkwe." Ukumbi mzima unacheka. Mke wangu alikuwa kwenye ukumbi mmoja wa namna hiyo, amekaa na sahani ya pilau mapajani. Aliinuka akaiacha sahani juu ya kiti, na mke wangu si mtu wa kuacha pilau.

Nilipotoka mama aliniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepona?"

"Nimepona nusu."

"Nusu inatosha kushika spana?"

Nikamwambia nadhani inatosha. Mtoto mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na simu yake, hakuketi. Mama akasema gari limeungulia mikononi mwangu na litaponea humohumo. Mtoto mkubwa akasema sawa, atengeneze, lakini kuendesha hapana. Usukani atarudishiwa siku fundi mwenyewe atakapokuja hapa na kutamka kwamba kosa halikuwa la dereva. Alisema kwa adabu, akaondoka zake. Mama akanitazama. Alijua sivuti sigara. Lakini nyumba ikishapata mtoto wa kiume mwenye ndevu, neno la mama linakuwa ushauri.

Basi nikaanza kazi, na hapa ndipo nilipoanza kufurahi, sitadanganya.

Mama alikuwa na sharti. Kila kitu cha mafuta na cha moshi kirudi kama kilivyoshuka melini. Marehemu mumewe aliwahi kuchomoa vitu kadhaa kwa sababu vilikuwa vinapiga kelele au mafundi walimwambia havina kazi. Mama alisema waliolitengeneza gari hawakuwa wajinga wala hawakuwa na vyuma vya kuchezea. "Tumetoa vitu vya watu bila kuuliza ni vya nini," alisema. "Sasa tuulize kwanza." Alinipeleka kwenye ghala la nyuma, lile la pamba ya zamani, akaninyooshea kidole gunia moja. Ndani yake, imeviringishwa kwenye pamba nyeupe kama yai, mlikuwa na pampu ya hewa. Hii huzungushwa na mkanda wa injini, inasukuma hewa safi kwenye bomba la moshi ili mafuta ambayo hayakuungua yamalizikie humo, yasiende kwenye pua za watu. Pamba ilikuwa imekunywa unyevu wote. Kutu hakuna, ila beringi zilikuwa zimekwisha, na beringi za saizi yake tulizipata kwa wauza spea za pampu za maji. Tulipoifunga ikalia kidogo, halafu ikatulia, ikabaki kuvuma kama nyuki walio mbali. Mama alitoka jikoni akasimama kusikiliza. Akasema ndiyo hiyo, ndiyo sauti aliyoolewa nayo.

Kabureta niliifungua juu ya sinia la mama la kupepetea mchele, ili kisipotee hata kiskrubu. Nikaiosha kwa mafuta ya taa. Vitundu vyake nilivizibua kwa kijiti cha ufagio wa chelewa, maana waya unakwaruza na tundu likishapanuka halirudi. Ukiinua kabureta safi ukaitazama kwenye mwanga, mwanga unapita kwenye tundu dogo kuliko jicho la sindano, na ninakwambia kuna amani fulani pale. Diaframu ya pampu ya mafuta na gasketi alizileta mjukuu wa mama aliyeko ng'ambo, za aina ileile ya zamani. Bomba za mafuta, za chuma, tulizinyoosha na kuzikunja upya kwa kufuata zile zilizoungua, nikitumia goti langu kama mashine.

Tangi ndilo lilinipa raha kuliko vyote. Ndani lilikuwa na kutu inayobanduka kama maganda ya karanga. Nikatia kokoto na maji, nikaziba midomo, nikamwomba jirani mwenye mkokoteni wa punda anayeuza maji anifungie nyuma ya madumu yake. Likazunguka mitaa yote ya Kambarage likipiga kelele. Watu wakawa wanauliza punda kameza nini. Lilipokuwa limeshamaliza mzunguko wa wateja wa kutwa, nikamwaga maji mekundu, nikarudia siku iliyofuata, na ile ya kufuata, mpaka maji yakatoka meupe. Jirani mwenyewe alisema mauzo yaliongezeka, kwa sababu hakuhitaji tena kupiga kengele.

Nilipofika mbele, chini ya taa ya kushoto, nikakuta kopo. Kopo jeusi la duara, kubwa kama bati la mafuta ya kupikia, lina vidomo vya kuchomekea mipira. Nilikuwa nimeliosha kwa juu miaka yote bila kujua kazi yake. Mpira mmoja unatoka tangini mpaka hapo, na wa pili unatoka hapo kwenda kwenye kabureta. Lakini ule wa tangini haukuwa umechomekwa kwenye kopo. Ulikuwa umezibwa kwa bolti na kukazwa na klipu mpya. Kidomo chake kwenye kopo kilikuwa kimevunjika. Nikalitoa, nikalitikisa. Tupu. Chini yake limefunguliwa kwa bisibisi na kurudishiwa hovyo.

Nikampigia simu shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yuko Kharumwa, kwenye mtambo mmoja wa kuchenjulia dhahabu, anatunza jenereta na pampu, na zamani aliwahi kufanya kazi ya magari Geita. Nikamweleza kopo lilivyo.

"Hilo ni pumzi ya tangi," akasema. "Tangi likipata joto petroli inatoa mvuke. Mvuke unakwenda kwenye kopo, unanaswa humo. Ukiwasha gari, injini inaunyonya na kuuchoma. Ukiziba, tangi linavimba. Petroli itajisukuma yenyewe kwenye kabureta mpaka izame, na siku utakayofungua kifuniko itakurukia."

Nilikaa chini. Mke wangu alidhani nimepata habari ya msiba.

"Na ndani ya kopo kunakuwa na nini?" nikauliza.

Shemeji akaanza kucheka. "Wewe si ulikuwa mchimbaji? Kunakuwa na kaboni. Kaboni hiihii yetu. Njoo uchukue."

Kwa asiyejua, nieleze. Huku kwetu mchanga wa dhahabu uliokwisha kuoshwa, tunaouita marudio, unarundikwa kwenye matangi makubwa, unamwagiwa dawa kali, na yale maji yenye dawa yanabeba dhahabu ambayo jicho halioni. Maji hayo yanapitishwa kwenye punje nyeusi za mkaa wa vifuu vya nazi. Hiyo ndiyo kaboni. Dhahabu inang'ang'ania kwenye punje, maji yanapita. Kaboni iliyoshiba dhahabu inapelekwa kwenye mtambo mwingine ikatapike. Watu wamepigana mapanga kwa ajili ya ndoo ya kaboni iliyoshiba. Mtoto wa Kharumwa akiona punje nyeusi zinazong'aa hafikirii mkaa wa jikoni.

Nikapanda basi nikaenda. Nilimkuta shemeji na wenzake wamekaa chini ya turubai wanakula viazi.

"Mhola, shemeji?"

"Mhola duhu. Karibu, mzee wa kuokwa."

Wakacheka, nikacheka nao. Kwa wale sikasiriki, wengi wao wana makovu kuliko mimi. Shemeji akanipa onyo kwamba nisichukue kaboni iliyotumika, ina sumu ya dawa. Akanipeleka kwa muuza vifaa, akanitafutia mpya ambayo haijaonja maji. Wakati tunaipepeta vumbi, mmoja wao, mtu mfupi anayepima sampuli, akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya kopo la gari la Kimarekani. Akaacha kutafuna.

"Gari la Shinyanga?"

"La Shinyanga."

"Lina rangi ya chungwa?"

"Ndilo."

Akaweka kiazi chini. Akasema kabla ya msimu wa pamba alikuja fundi mmoja wa magari kutoka Shinyanga, mrefu, ana pengo la mbele, kashika kitu kwenye kitambaa kama kashika kifaranga. Akamvuta pembeni. Akamwambia ana kaboni ya Mzungu wa mgodi, ilifichwa ndani ya gari tangu enzi za Mzungu, anataka ipimwe kimya kimya. Mpimaji akafungua kitambaa, harufu ya petroli ikampiga puani.

"Nikamwambia, bwana, dhahabu ya wapi hii inayonuka kama kibatari. Akaniambia pima, usinifundishe. Nikapima. Haina kitu. Akaniambia nimemwibia. Tena akataka nimrudishie kitambaa chake."

Turubai zima likalala chini kwa kicheko. Walikuwa wanaijua hadithi, waliishaisimulia mara nyingi, ila hawakujua gari ni lipi na nani aliungua. Tangu hapo pale mtamboni mtu akileta sampuli ya kubahatisha anaulizwa kama imepitia kituo cha mafuta. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono yangu mapajani, ngozi yake ya waridi na inayovutana. Shemeji alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Nataka niwe mkweli kuhusu nilichosikia rohoni. Haikuwa hasira kwanza. Ilikuwa kama kuvua kiatu kilichokubana mwaka mzima. Sikuwa mzembe. Usiku mwingi nilikuwa nimelala nikijiuliza kama kuna kitu nilikosea kwenye kile kifuniko. Hasira ilikuja baadaye, kwenye basi, ikakaa kiti cha pembeni yangu mpaka Shinyanga.

Kopo nikalijaza kaboni mpya, nikaweka sponji ya godoro juu na chini ili vumbi lisiende injini, nikalichomelea kidomo kwa shaba, nikarudisha mipira kama shemeji alivyonielekeza. Tangu siku hiyo Nzagamba halinuki. Unaweza kuliacha juani mchana wote, ukafungua kifuniko, likashusha pumzi moja fupi tu, basi. Mama alipitisha pua yake kwenye tangi, akanusa, akanusa tena. "Hata mume wangu," akasema, "hakuwahi kunipa gari lisilonuka." Asubuhi nyingi sasa nakaa naye barazani, tunakunywa chai ya tangawizi na mihogo, gari limefunguliwa boneti mbele yetu kama mtu anayesikiliza maongezi. Ananicheka Kiswahili changu, mimi namcheka anavyoogopa punda. Watu wameanza kuniletea magari yao ya zamani: niondoe kidumu cha petroli walichofungiwa kando ya injini baada ya pampu ya mafuta kufa, nirudishe pampu, niondoe nailoni waliyoziba nayo tangi, nirudishe kifuniko. Ninakula vizuri. Ninalala.

Lakini Jumamosi, Nzagamba likivikwa maua, anayelipanda kushoto ni kijana wa mtoto mkubwa, anayekanyaga klachi kama anaua mende. Mimi nakaa nyuma na bibi harusi wa watu, nimebeba dumu la maji.

Nilikwenda gerejini. Nilikwenda mchana, mikono mitupu. Fundi alikuwa chini ya lori, ikaonekana miguu tu.

"Toka, nikuone uso."

Akatoka akijifuta. "Ah, dume mwenyewe. Nimesikia umelipendezesha."

"Kaboni ilikuwa na gramu ngapi?"

Akaacha kujifuta. Halafu akaonyesha lile pengo lake, akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari. Akanivuta mpaka nyuma ya matairi, asisikike. Akakubali. Alikubali yote, na simsingizii. Alisema aliona punje, moyo ukaenda mbio, kidomo kikamvunjikia, akaziba bolti akijua atarekebisha akipata nafasi, na hakudhani bolti moja inaweza kuleta moto. Alipoulizwa na mtoto mkubwa akaogopa, neno sigara likamtoka.

"Twende kwa mama ukaseme hivyo hivyo," nikamwambia.

"Kaka, nikisema hivyo nani ataniletea gari? Wewe umepona. Gari limepona. Tuyaache."

"Mimi sijapona. Nakaa kiti cha nyuma."

"Kiti cha nyuma si ndiyo cha mabosi?"

Alitaka nicheke. Ni mtu wa kuchekesha, na kama isingekuwa mikono yangu pengine ningecheka. Nikamwambia mtoto mkubwa hatataka maneno yangu wala ya shemeji wala ya mtu wa Kharumwa. Anataka ya kwake. Akasema atafikiria. Mpaka leo anafikiria. Akiniona sokoni anavuka barabara, na mshereheshaji bado ana kichekesho kilekile.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, fundi wa nyuma ya mashine ya mpunga, na hapa sikuibii siri, umeshaniambia mwenyewe nyuma ya matairi. Sitaki pole. Sitaki unilipe mikono. Chagua siku, uje barazani kwa mama, mtoto mkubwa akiwepo na yule mwenye kipaza sauti akiwepo, ujibu: kopo ulilifungua wewe au mimi? Bolti ulichomeka wewe au mimi? Na hiyo sigara uliyoniweka mdomoni nikiwa kitandani Kolandoto siwezi hata kuinua mkono kuitoa, uliinunua wapi?